Rangi ya Buluu na Matusi ya Watani

Vijana wa chumba cha darubini wameniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyofanywa zamani, kabla sijazoea kulala mpaka jua lipande. Nimeanza mara kadhaa nikafuta. Kila sentensi niliyoandika niliiona inajisifu, na nilipoondoa za kujisifu, zilizobaki zilikuwa zinalalamika. Basi nitaandika nilivyoona, nao wachague.

Siku hizi ukitaka kuuona vizuri utando wa utumbo mpana, unabonyeza kitufe kwenye mpini wa darubini na picha kwenye skrini inabadilika rangi. Mishipa inakuwa ya kahawia, na kivimbe kilichokuwa kimejificha kinajitokeza kama doa la chai kwenye shuka. Mnabonyeza huku mnabishana habari za mpira. Sina ubaya na kitufe hicho, nimekitumia mpaka siku yangu ya mwisho kazini. Lakini sisi tulianza na chupa ya rangi ya buluu, bomba la sindano na mtu aliyejua kutukana. Bila huyo mtu, chupa na bomba vingekaa kabatini.

Kliniki yetu ilikuwa Temeke, katika jengo lililowahi kuwa duka la ushirika. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya tisini, madaktari walipokuwa wameruhusiwa kufungua hospitali zao wenyewe, na mitumba na redio za Dubai zilikuwa zimejaa kila kona. Ukutani palikuwa bado na alama za rafu za zamani. Wazee wengine wakiingia walikuwa wakiuliza kama sukari imefika.

Siku yangu ya kwanza nilifika mapema mno, nikasimama nje na mlinzi mpaka mlango ulipofunguliwa. Nilikuwa nimemaliza chuo na mwaka wa mafunzo ya vitendo, na nilikuwa na hofu ya kila kitu. Niliogopa kuutoboa utumbo wa mtu. Niliogopa kuishika darubini ambayo thamani yake ingejenga nyumba ya baba yangu kule Usangi na kubaki chenji. Niliogopa hata salamu yangu kwa Sista Tatu, muuguzi wa chumba kile, kwa sababu nilimwambia "habari za asubuhi" na nilipomtazama vizuri nikaona alistahili shikamoo. Nilirudi mlangoni nikaingia upya nikamwamkia. Aliitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akanitazama nikinawa mikono kwenye beseni.

"Dokta, hiyo ni mara ya ngapi?"

"Nataka tu kuwa na uhakika, Sista."

"Uhakika utaupata, lakini tangi litakauka. Maji hapa ni ya kununua, baba."

Aliyenifundisha kazi ni Daktari Mihayo, Mnyamwezi wa Urambo, mtu mrefu mwenye sauti iliyofika barabarani. Alikuwa amesoma ng'ambo, na alipoondoka walimpa darubini kuukuu ya utumbo: mpira mweusi mrefu wenye nyuzi za kioo ndani yake, na mwisho wake kijishimo cha kuchungulia kwa jicho moja, kama unavyochungulia tundu la ufunguo. Hapakuwa na skrini. Aliyeona ni mmoja tu, mwenye kuishika. Kwa bahati alikuja pia na kioo cha pembeni, mrija mfupi unaochomekwa pale juu ili mtu wa pili naye aone. Nilijifunza kazi yangu yote kupitia kioo hicho, shingo ikiwa imepinda.

Kuhusu rangi, nitaeleza kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kuichanganya. Kwa mwanga wa kawaida utumbo mpana ni wa waridi kila upande, unang'aa, na jicho linachoka haraka. Kivimbe chenye shina, kinachoning'inia kama uyoga, hata mgeni atakiona. Hatari iko kwenye vile bapa, vilivyolala sawasawa na utando. Hivyo unavipita huku unajisifu kwamba mgonjwa ni mzima, navyo vinabaki vikisubiri miaka yao ya kugeuka saratani. Daktari Mihayo alichukua rangi ile ya buluu ambayo hutumika pia maabara kupaka vioo, akaichanganya na maji yaliyochemshwa mpaka alipoweza kusoma gazeti kupitia glasi. Ikiwa nzito kuliko hapo, kila kitu ndani kinakuwa kama chungu cha wino. Tulikuwa tukiinyunyiza kidogo kidogo kwa mrija mwembamba wakati wa kurudi nyuma, tunasubiri, tunafyonza iliyozidi. Rangi hutuama kwenye vijifereji vya utando, kama maji ya mvua yanavyoonyesha mashimo ya barabara ambayo jua lilikuwa limeyaficha. Ukiona vidoa vya duara vilivyopangika, endelea na safari. Ukiona mifereji iliyopindapinda kama alama ya kidole gumba, simama, hicho ni kivimbe cha kutoa. Na ukiona mahali ambapo mifereji imekatika na rangi haina pa kukaa, basi umechelewa.

Lakini ugumu wenyewe haukuwa kwenye rangi. Ulikuwa mlangoni.

Mwanamume mtu mzima wa Tandika au Mtoni, akiona damu chooni, alikuwa na jina lake tayari: bawasiri. Alikuwa na mizizi yake ya kuchemsha na alikuwa na subira. Angekubali kukatwa mguu kabla hajakubali kuvuliwa suruali, kulazwa ubavu na kupitishiwa mpira na daktari ambaye ni rika la mwanawe. Mnajua aibu hiyo ni ya nini, sina haja ya kuitaja. Nilikuwa nikiwaeleza kwa upole, na jinsi nilivyozidi kuwa mpole ndivyo walivyozidi kuiangalia milango.

Ndivyo nilivyompoteza Mzee Kondo, au nilikaribia. Alikuwa fundi wa magodoro ya sufi pale Tandika. Biashara yake ilikuwa imeanza kuyumba kwa sababu ya magodoro ya sponji, na juu ya hayo alikuwa akitoa damu. Aliletwa na mkewe, ambaye alibaki nje kumzuia asitoroke.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Tungependa kukuchunguza kwa njia ya nyuma."

"Nyuma ya wapi?"

Nilijaribu kuonyesha kwa mkono. Nilionyesha vibaya. Mzee Kondo alisimama, akavaa kofia yake.

"Mwanangu, mie nina wajukuu," akasema, na akatoka.

Alikutana na Daktari Mihayo ukumbini, mbele ya wagonjwa wote waliokaa kwenye mabenchi.

"Huyu anakwenda wapi? Mzaramo wewe?"

"Mzaramo. Kwani we nani?"

"Mnyamwezi."

Mzee Kondo alisimama. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyesikia ngoma ya kwao katika mji wa ugenini.

"Loo! Mnyamwezi na koti jeupe! Kakupa nani? Au ulilibeba mzigoni ukasahau kulishusha?"

"Nimelichukua kwa babu yako. Alikuwa kalala mkekani, hakuamka."

"Babu zako walibeba meno ya tembo begani mpaka Bagamoyo. Wewe mizigo imekuishia mpaka unaitafuta tumboni mwangu?"

"Naitafuta. Mzaramo hajabeba kitu tangu azaliwe, lazima kakificha mahali. Leo unakunywa haluli, kesho unavua suruali nione."

Watu wa mabenchini waligeuza vichwa. Mimi nilitamani sakafu ifunguke. Kisha Mzee Kondo akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na mkewe aliyekuwa mlangoni akafunika mdomo kwa khanga. Alichukua paketi ya chumvi ya haluli, ile ya kusafisha tumbo, akaenda nayo. Kesho yake alirudi akiwa mweupe kama karatasi na akavua nguo mwenyewe.

Baadhi yenu mmezaliwa wakati mambo haya yameshafifia, kwa hiyo niseme. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana, anachukua kitu chako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Kwenye msiba anafanya yale ambayo ndugu hawawezi. Kati ya watani hakuna aibu, kwa sababu walimaliza kuaibishana kabla hawajazaliwa. Daktari Mihayo alilijua hilo kama alivyojua dozi za dawa. Mimi ni Mpare, na utani wetu uko kwingine. Kwa Mzaramo mimi nilikuwa mtoto wa watu, wa kuheshimiwa na kukimbiwa.

Kwa mwanga wa kawaida hatukuona kitu ndani ya Mzee Kondo zaidi ya bawasiri kweli, ndogo, pale mlangoni. Alifurahi sana kusikia. Lakini Daktari Mihayo alikuwa hajamaliza. Alinyunyiza rangi wakati wa kurudi, na kwenye kona moja ambayo tulikuwa tumeipita, nikaona kupitia kioo cha pembeni kitu kikijichora polepole: duara bapa, kubwa kama sarafu, lenye mifereji ya kidole gumba. Nilishusha pumzi kwa sauti.

"Nyie mbona kimya?" Mzee Kondo aliuliza kutoka upande wa pili. "Mmepotea njia?"

"Tumekuta mzigo," Daktari Mihayo akasema. "Nilikwambia."

Alikitoa kwa kitanzi cha waya wa umeme, huku jenereta likinguruma nje kwa sababu ilikuwa siku yetu ya mgawo. Majibu ya maabara yalisema haikuwa saratani bado. Ilikuwa njiani. Kulikuwa na haja ya kumwangalia tena baada ya miaka kadhaa, naye aliapa atakuja.

Alikuja mapema kuliko hapo. Alikuja baada ya siku mbili kugomba.

"We Mnyamwezi! Mke wangu ananiuliza kama nimekunywa bluu ya kufulia! Choo kizima kama anga!"

"Shukuru. Mzaramo sasa una kitu safi ndani yako."

Kuanzia hapo Mzee Kondo akawa mpiga debe wetu. Alileta wazee wa Tandika, wa Mtoni, wa Mbagala, na wengine walivuka kivuko kutoka Kigamboni na Kimbiji. Walikuwa wakiketi kwenye mabenchi na kanzu zao, na swali lao mlangoni lilikuwa moja: "Mnyamwezi yupo?" Akiwepo, watatukanana, watakunywa haluli, watalala ubavu. Asipokuwepo, waliniaga vizuri na kurudi walikotoka. Cheti changu cha chuo kikuu kilikuwa kimetundikwa ukutani, kikubwa, chenye muhuri, na hakikumvua mtu hata mmoja suruali.

Hiyo ndiyo miaka niliyojifunza. Nilijifunza kurudi nyuma taratibu, kumgeuza mgonjwa upande wa pili ili rangi ifike kwenye mikunjo, kutoamini sehemu ninayoiona safi. Nilikuwa na kasoro ya kurudia: nikimaliza kona naona labda sikuitazama, narudi. Nilidhani atanikemea. Alisema, "Hofu yako hiyo ndiyo pekee uliyokuja nayo kutoka chuoni ambayo ina faida hapa. Ila mgonjwa naye ana subira yake, mwachie kidogo."

Sista Tatu ndiye aliyeona kwanza. Aliniita kwenye stoo siku moja.

"Dokta mdogo, umemwangalia mkanda mzee wako?"

"Mkanda wa nini?"

"Wa suruali. Katoboa tundu jipya kwa msumari. Na chakula cha mchana hali, anampa mlinzi."

Nilianza kumwangalia Daktari Mihayo, na nilipoanza sikuweza kuacha. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Akipanda ngazi tatu za mlangoni alikuwa akisimama, anajifanya anasoma kibao chetu. Nilijiambia ni kazi nyingi. Nilijiambia ni malaria. Nilijiambia kwamba mtu ambaye kazi yake ni kuona saratani kwa wengine lazima angeiona yake, kisha nikakumbuka kwamba hakuna anayeweza kujiona huko bila jicho la mtu mwingine. Nilikaa na sentensi kinywani kwa muda mrefu, nikiipanga na kuipangua, mpaka nikaisema vibaya, tukiwa tunaosha darubini.

"Daktari, ingefaa na wewe tukuangalie."

Hakugeuka. "Nina bawasiri tu."

Neno lile, kutoka kwake! Tulikuwa tukilicheka kila siku. Nadhani na yeye alilisikia, kwa sababu alifunga bomba na kukausha mikono polepole.

"Sikiliza," akasema. "Humu mjini wenye darubini kama hii ni wachache, na wote ama nimewafundisha ama wamenifundisha. Na wewe nimekulea. Mwana hamvui baba yake nguo. Nitakwenda nje mwakani, kuna mkutano, nitaangaliwa huko."

"Mwakani ni mbali."

"Kijana, nimesema."

Nilitundika darubini ikauke. Kwetu baba akisema "nimesema," unaondoka kwa kurudi kinyumenyume. Nilimweleza Sista Tatu. Yeye alikuwa Mzaramo, lakini mwanamke, na mdogo kwake kikazi. Alisema hawezi kumtania bosi wake kwa jambo la namna hiyo, ila anamjua anayeweza. Jioni alipita Tandika.

Mzee Kondo alifika Jumatatu, wakati mabenchi yamejaa. Hakuamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti ambapo Daktari Mihayo hutundika koti lake, akalichukua, akalivaa juu ya kanzu, akaketi katikati ya ukumbi.

"Watu wa Temeke!" akasema. "Leo daktari mie. Na mgonjwa wangu wa kwanza ni mbeba mizigo mmoja wa Urambo, mrefu, mwoga."

"Kondo, nipe koti," Daktari Mihayo akasema.

"Silitoi. Umenivua suruali mie, umemvua shemeji yangu, umemvua imamu mstaafu wa Mtoni. Tandika nzima umeiona makalio. Ya kwako ni ya dhahabu? Yamekatiwa bima?"

Watu walianza kucheka. Daktari Mihayo naye alitabasamu, na tabasamu lilipokuwa bado usoni niliona macho yake yanatafuta pa kutokea. Hapakuwa na pa kutokea. Akiwa mkubwa wa kliniki angeweza kumfukuza mgonjwa. Akiwa Mnyamwezi, hakuweza kumkasirikia Mzaramo.

"Nina wagonjwa wanasubiri," akasema.

"Na mie nina mgonjwa ananisubirisha. Tatu, leta haluli. Mchanganyie mbele yangu, hawa watu wa bara wanajua kumwaga."

Sista Tatu alileta bilauri. Aliikoroga haluli mbele ya mzee, kama alivyoagizwa. Daktari Mihayo aliitazama ile bilauri, akamtazama mzee aliyevaa koti lake, akanitazama mimi. Akanywa yote akiwa amesimama, na ukumbi ukapiga makofi. Mzee Kondo alikwenda naye nyumbani Kinondoni akalala huko huko, ili kuhakikisha, kama alivyosema, Mnyamwezi hatoroki na tumbo lake.

Kesho yake Daktari Mihayo alikuwa amelala ubavu wa kushoto kwenye kitanda chetu, na mimi nilikuwa nyuma yake na darubini mkononi. Mzee Kondo alikaa upande wa kichwa chake. Daktari Mihayo alikataa dawa ya usingizi.

"Nipe kioo cha pembeni," akasema.

"Daktari..."

"Nipe."

Mrija wake ulikuwa mfupi. Ilibidi ajikunje mno ili jicho lake lifike. Nikachomeka, nikaanza. Sikuwahi na sitawahi tena kufanya kazi namna ile, mwalimu wangu akiangalia kila hatua kutoka ndani ya mwili wake mwenyewe. Aliniongoza kwa sauti ya kawaida: punguza hewa, pinda kushoto, usisukume. Nilifika mwisho wa utumbo mpana, nikaanza kurudi na rangi. Sehemu kubwa ilikuwa safi. Nilikuwa nimeanza kuamini. Kisha, upande wa kushoto, karibu na pale unapoteremka, rangi ilitandaa juu ya kitu.

Pembeni kulikuwa na mifereji ya kidole gumba. Hapo nilijua kilivyoanza: kivimbe bapa, cha kawaida, ambacho mwaka mmoja au miwili nyuma tungekitoa kwa kitanzi na kwenda kunywa chai. Kuelekea katikati mifereji ilikatika. Katikati rangi ilipita tu na kuteleza, kisha damu kidogo ikaifuata.

Niliishikilia darubini hapo hapo. Macho yetu mawili yalikuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeondoa jicho lake.

"Vipi?" Mzee Kondo akauliza. Yeye alikuwa akiona vichwa vyetu vilivyoinama tu. "Mnyamwezi ana nini humo? Pembe za tembo?"

Nilimwachia ajibu mwenyewe. Mabega ya Daktari Mihayo yalipanda na kushuka.

"Zimo," akasema. "Babu yangu alizificha Waarabu wasizione."

"Nilijua! Na viazi vitamu vyenu je?"

"Vimo, ila Wazaramo wameshakula nusu."

Mzee Kondo alicheka mpaka akapiga paja. Walitukanana hivyo mpaka nilipomaliza kuchukua vipande vya kupeleka maabara, na Daktari Mihayo alijibu kila tusi, hata moja halikumpita. Alipoketi, nilipomfunika shuka, alinishika mkono mahali ambapo mzee hakuweza kuona, akaubana. "Umerudi nyuma vizuri," akasema. "Taratibu. Hivyo hivyo."

Alifanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa. Walifungua, wakakuta ini limeshaguswa, wakafunga. Aliishi mpaka mvua za vuli zilipoanza. Nilikuwa nikienda Kinondoni kila jioni, na mara nyingi nilimkuta Mzee Kondo kitandani kwa mgonjwa, ameketi miguuni, wakirushiana maneno kwa sauti ambayo kila wiki ilikuwa ya chini zaidi. Nimeirudia miezi ile kichwani mwangu kwa kila namna, kama ninavyorudia kona. Ningesema mapema angekubali? Angenifukuza? Kama Sista Tatu angeenda Tandika mwezi mmoja kabla, au mwaka? Sijafika mwisho wa hesabu hiyo, na sasa nina muda mwingi zaidi wa kuifanya, jambo ambalo si zuri.

Msibani Mzee Kondo alifanya yaliyompasa. Kabla mwili haujapelekwa stesheni kuanza safari ya Tabora, aliingia uani na kipande cha mpira wa maji, akapita kwa ndugu wa marehemu mmoja mmoja. "Lala ubavu! Wote nyie mna mizigo!" Kuna shemeji mmoja kutoka mbali aliyetaka kumtoa nje kwa nguvu, wazee wakamzuia na kumweleza. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, na ndivyo ilivyokusudiwa. Alilala mbele ya gari lililobeba jeneza, akakataa kuondoka mpaka wakampa jogoo. Alimkumbatia yule jogoo, akasogea pembeni, gari likapita.

Baada ya hapo wagonjwa hawakugoma, hawakutusema vibaya. Waliacha tu kuja. Ambao hawakuwa wamesikia walifika mlangoni wakauliza, "Mnyamwezi yupo?" Sista Tatu aliwaambia. Walisema innalillahi, wakaketi kidogo kwa heshima, wakaondoka. Niliwahi kuwaza tumwajiri Mnyamwezi yeyote, hata mlinzi, awe anawatukana watu pale ukumbini. Sista Tatu alisema utani hauajiriwi. Chupa ya rangi ilikaa mpaka ikaganda ukingoni. Najua kwa hakika kwamba katika miaka ile kulikuwa na vivimbe bapa vingi Temeke vilivyoendelea na safari yao bila mtu wa kuvisimamisha. Nyuso za baadhi ya wenye navyo nilizijua.

Mzee Kondo alikuja peke yake, muda wake wa kuangaliwa tena ulipofika. Haluli alikuwa ameshainywa nyumbani. Alivua, akalala ubavu. Nilidhani najua ninachopaswa kufanya. Nilikuwa nimeyasikia maneno yale mara nyingi, niliyajua kwa moyo.

"Haya, Mzaramo," nikasema. "Toa mizigo tuione."

Aliinua kichwa akanigeukia. Hakuwa na hasira, bado.

"Mwanangu, wewe Mpare. Usinitukane. Nitakasirika kweli."

"Nisamehe, mzee."

"Haya. Fanya kazi."

Aligeukia ukuta. Nilifanya kazi, na hapakusikika kitu isipokuwa mashine ya kufyonza. Nilinyunyiza rangi kila kona, nikarudia nilizozitilia shaka, naye akavumilia. Pale tulipotoa kile kivimbe palikuwa na kovu dogo jeupe, laini, na pembeni yake vidoa vya duara vimepangika vizuri. Hapakuwa na kitu kingine.

"Ni safi, mzee. Hakuna chochote."

"Alhamdulillahi."

Alishuka, akafunga msuli wake, akavaa kanzu. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda na hakuondoka. Sista Tatu alitoka na ndoo, akafunga mlango polepole.

"Utumbo safi," Mzee Kondo akasema, akitazama miguu yake. "Sasa nani atanitukana?"

Nilipiga magoti nikamvalisha viatu.